Kutoka Mchepuo wa Sanaa hadi Zamu ya Usukani: Kisa cha Kijana Aliyeingia Ubaharia Bila Fizikia

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinamhusu kijana mmoja wa pwani ya kaskazini ya Tanzania, ambaye hapa ataitwa S. Majina ya watu, ya mji, ya meli na ya vyuo yameondolewa. Miaka nayo inahesabiwa tangu matokeo yake ya kidato cha nne yalipotangazwa, kwa hiyo panaposemwa "mwaka wa kwanza" maana yake ni mwaka huo wa matokeo. Familia yake iliniomba ushauri mara tatu katika kipindi hicho chote, na mara moja kati ya hizo tatu nilimshauri vibaya.

Usuli

S. alisoma shule ya kata. Alipoingia kidato cha tatu aliacha Fizikia na Kemia, si kwa sababu hakuzipenda, bali kwa sababu shule ilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa Fizikia, na wanafunzi waliobaki na somo hilo walikuwa wakisoma kwa kunakili daftari za wenzao wa shule jirani. Alibaki na masomo ya sanaa, pamoja na Hisabati na Bayolojia ambazo wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kuziacha. Matokeo yake yalikuwa daraja la tatu: B ya Jiografia, C za Kiswahili, Kiingereza na Historia, na D za Hisabati, Bayolojia na Uraia.

Babu yake mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, na nyumba ya pili kutoka kwao anaishi serahangi mstaafu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, au bosuni kama mabaharia wa sasa wanavyomwita, ambaye alitumia zaidi ya miaka 20 katika meli za kigeni. S. hakutaka ubaharia wa aina yoyote tu, alitaka kuwa ofisa wa sitaha, yule anayesimamia zamu katika chumba cha usukani.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwa sababu vijana wengi huchanganya. Mabaharia wa meli za biashara wana ngazi mbili. Ipo ngazi ya maofisa, wa sitaha na wa mitambo, na ipo ngazi ya mabaharia wa kawaida, wanaoshika kamba, usukani, rangi na ulinzi wa zamu. Zote mbili zinatawaliwa na mkataba wa kimataifa wa 1978 unaohusu viwango vya mafunzo, vyeti na zamu kwa mabaharia, ambao wenyewe huutaja kwa herufi STCW. Mkataba huo haumdai mtu alama ya Fizikia ya kidato cha nne. Unachomdai anayetaka kuwa ofisa wa zamu wa sitaha katika meli ya tani 500 na zaidi ni umri usiopungua miaka 18, mafunzo yaliyoidhinishwa, na muda wa kuhudumu baharini: miezi 12 kwa kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, aliye katika programu iliyoidhinishwa na mwenye kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, au miezi 36 kwa asiyepitia programu hiyo. Sharti la Fizikia huwekwa na vyuo, na vyuo vina sababu, kwa kuwa uthabiti wa meli, mawimbi ya redio na dira ya sumaku ni Fizikia tupu. Kwa maneno mengine, kufuli aliyokutana nayo S. ilikuwa kwenye mlango wa chuo, haikuwa kwenye ngazi ya meli.

Mfuatano wa matukio

Mwezi wa tatu wa mwaka wa kwanza S. aliomba kujiunga na kozi ya maofisa wa sitaha akakataliwa kwa kukosa Fizikia. Mwezi uliofuata rafiki wa binamu yake alimpeleka kwa wakala mmoja mwenye ofisi ghorofani, ukutani pana picha kubwa ya meli ya watalii, mezani pana bendera ndogo za nchi nne. Wakala alimwambia kwamba masomo ya sayansi "ni mambo ya vyuo vya hapa", na kwamba yeye angempatia nafasi ya ukadeti katika meli ya Ghuba kwa shilingi 4,500,000, cheti cha mafunzo ya usalama kikiwemo bila S. kuhudhuria darasa lolote. Mama yake alikopa kwenye kikoba, wakalipa 1,500,000 za mwanzo.

Serahangi alizipata habari hizo baada ya fedha kwisha kutoka. Mama na mwanawe walimpelekea mkataba wa wakala barazani kwake jioni, nami nilikuwepo. Aliusoma kurasa zote mbili kwa miwani ya kusomea, akaugeuza, akautazama na nyuma kama mtu anayetafuta kilichodondoka.

"Shikamoo mzee," S. alisema tena, ingawa alikwisha kumwamkia, kwa ile hofu ya kimya kirefu.

"Marahaba mwanangu. Meli yenyewe inaitwaje?"

Mama ndiye aliyejibu. "Wamesema jina tutaambiwa tukimaliza malipo, baba."

"Na nambari yake ya IMO?"

Hawakuijua. Serahangi akawaeleza kwamba kila meli ya biashara inayosafiri kimataifa, ukiondoa zile ndogo sana, ina nambari ya IMO, yaani ya shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ya tarakimu saba isiyobadilika hata meli ikiuzwa mara kumi na kupewa majina kumi, na kwamba mtu akiwa na nambari hiyo anaweza kujua meli ni ya aina gani na iliundwa lini. "Mkataba wa baharia usio na meli ndani yake," alisema, "ni karatasi ya kufungia karanga." Familia ilidai fedha zake ikarudishiwa shilingi 400,000 kwa mafungu matatu, kisha ofisi ikahama.

Mwezi wa nane, kwa maelekezo ya serahangi, S. alianza na jambo ambalo vijana wengi hulifanya mwisho, yaani uchunguzi wa afya wa mabaharia kwa daktari anayetambuliwa. Alipimwa macho kwa zile sahani za madoa ya rangi zenye tarakimu zilizojificha ndani yake, akazisoma zote. Ndipo akajiandikisha kwa mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi pamoja na wajibu wake kwa wenzake, na juu yake mafunzo ya ulinzi wa meli. Gharama ya vyote, pamoja na kitabu cha baharia alichokipata mwezi wa kumi na mbili, haikufika theluthi ya alichotaka wakala.

Mwaka wa pili ulikuwa wa kungoja. Akiwa na kitabu mfukoni alizunguka ofisi za meli akiambiwa arudi wiki ijayo, na hapo ndipo alipokuja kuniuliza kama apande jahazi la mizigo la mbao lililokuwa likienda Pemba na Unguja. Nilimwambia apande, muda wa baharini ni muda wa baharini. Nilikosea. STCW yenyewe, katika kifungu kinachoeleza ni nani inamhusu, inavitoa nje vyombo vya mbao vya uundaji wa kale, kama inavyozitoa meli za kivita na za uvuvi. Miezi minane ya S. kwenye jahazi, akiamka alfajiri kupandisha foromali, ule mti unaoshikilia tanga, na kuchota maji ya ngama, chini kabisa mwa chombo, haikuingizwa hata siku moja katika hesabu yake.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo alifanya mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata F.

Mwezi wa pili wa mwaka wa tatu alipata nafasi ya uanagenzi wa sitaha katika meli ndogo ya mizigo iliyokuwa ikipita kati ya bandari za pwani na Komoro. Baada ya miezi sita alipata cheti cha baharia msaidizi wa zamu, kinachomruhusu kushika usukani na kufanya ulinzi wa kutazama na kusikiliza chini ya ofisa. Mwezi wa tisa wa mwaka wa nne alishuka melini ili asome kwa mwalimu wa ziada na kurudia mtihani. Alipata D, ambayo ni ufaulu. Nafasi yake melini ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, akakaa nchi kavu hadi mwezi wa tatu wa mwaka wa tano.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa kawaida wa ubaharia. Alipata meli kubwa zaidi, akapanda kuwa baharia kamili wa sitaha, yaani AB, alipotimiza miezi 18 tangu cheti chake cha zamu, na mwanzoni mwa mwaka wa saba kitabu chake kikawa na zaidi ya miezi 36 inayokubalika. Mafunzo yake ya kujiokoa na kuzima moto yalikuwa yamepita miaka mitano, ikambidi ayahuishe kwanza. Mwezi wa tisa wa mwaka huo aliingia darasa la maofisa, na mlango uleule uliomfungia ukafunguliwa kwa D ile na kwa kitabu kile.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuanza na macho kabla ya ada. Sababu yake ni nyepesi kuisema: alama ya mtihani hurekebishika, jicho lisilotofautisha nyekundu na kijani halirekebishiki. Usiku baharini ofisa wa zamu huijua meli nyingine kwa taa zake, nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia, na kwa taa hizo huamua nani ampishe mwenzake. Nimewaona wawili waliomaliza mafunzo yote ya awali ndipo wakagundua hawawezi kufanya kazi ya sitaha.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuchagua sitaha badala ya mitambo, ingawa wakati huo nafasi za wafanyakazi wa chumba cha injini zilikuwa rahisi kidogo kupatikana. Asiye na Fizikia anaweza kuanza kama mpakaji grisi wa mitambo, lakini akitaka kupanda kuwa ofisa mhandisi atakutana na joto, mgandamizo na umeme katika kila karatasi ya mtihani. Sitaha nayo ina Fizikia yake, ila imechanganyika na sheria, lugha na ramani, na hizo S. alikuwa nazo.

Alifikiria pia kazi ya jikoni. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unataka mpishi wa meli awe amefunzwa, na kozi yake haiulizi Fizikia. Aliikataa kwa kuwa muda wa jikoni hauhesabiwi kwa anayetafuta cheti cha sitaha, na sioni kosa katika hesabu hiyo, ingawa namjua mpishi mmoja anayelipwa kuliko S. hadi leo.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa ule wa mwaka wa nne, kushuka melini kwa ajili ya mtihani. Nahodha alimwambia waziwazi kwamba hatamwekea nafasi. S. aliona kwamba akiendelea bila Fizikia angekuwa AB mzuri hadi uzee, na akashuka.

Matokeo

S. alimaliza kozi, akafeli karatasi moja ya uthabiti wa meli na kuifaulu aliporudia, akapata cheti cha mawasiliano ya redio ya dharura, akapita mtihani wa mdomo, na katikati ya mwaka wa tisa alikabidhiwa cheti cha umahiri cha ofisa wa zamu. Mkataba alionao sasa, hata hivyo, ni wa AB. Cheti cha ofisa amekiweka katika bahasha kwenye kabati la chumba chake melini, akingoja kampuni itakayompa cheo hicho kwa mara ya kwanza, kwa sababu kampuni nyingi hutaka ofisa mwenye uzoefu wa ofisa.

Uchambuzi

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni kukosa sayansi kulimchelewesha S. kwa kiasi gani. Tunaye wa kumlinganisha naye. Kijana wa mtaa wa pili, aliyemaliza naye kidato cha nne na mwenye C ya Fizikia, alipokelewa kozi ya maofisa mwaka uleule wa kwanza. Alimaliza nadharia katika mwaka wa tatu, kisha akakaa karibu miaka mitatu nchi kavu akitafuta meli itakayomchukua kama kadeti ili atimize miezi yake 12. Alipata cheti chake takriban miaka miwili kabla ya S. Sayansi, basi, ilimpa miaka miwili, na sehemu kubwa ya subira ya wote wawili haikutokana na Fizikia bali na uhaba wa nafasi za kupanda melini. Anayemshauri kijana wa sanaa hana budi kulisema hili mapema, kwa kuwa familia huelekeza hofu yote kwenye alama na kusahau kwamba hata mwenye alama hana hakika ya meli. Wakala alilijua hilo, ndiyo maana hakuuza elimu, aliuza nafasi.

Na hapo ndipo kosa la kwanza la familia lilipokuwa. Kwa mujibu wa Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, anayemtafutia baharia kazi haruhusiwi kumtoza ada ya kumpatia kazi hiyo. Baharia anaweza kubebeshwa gharama ya cheti cha afya cha kisheria, kitabu cha baharia na pasipoti, lakini viza hulipwa na mwenye meli. Kenya iliuridhia mkataba huu mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Mama wa S. hakuhitaji kuyajua hayo yote. Swali la serahangi, meli inaitwaje, lilitosha. Ila swali liliulizwa baada ya malipo, na deni la kikoba lililipwa kwa minazi.

Kilichonishangaza katika kisa hiki ni jinsi masomo ya sanaa yalivyofanya kazi. Katika somo la ramani S. aliwatangulia waliotoka mchepuo wa sayansi, kwa kuwa Jiografia ilikwisha kumzoeza vipimo, latitudo na longitudo, na kwake ilikuwa jambo la kawaida kwamba dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972, ambazo mtahiniwa hutakiwa kuzijua kwa namna ya kuzitumia papo hapo, alizisoma kama alivyosoma Historia, sababu kwanza kisha matokeo. Kiingereza chake cha C kilimsaidia redioni kuliko alama yoyote nyingine aliyokuwa nayo.

Uthabiti wa meli ndio uliomtesa, na hapo naamini meli yenyewe ilimfundisha kabla ya chuo. Katika ile meli ya kwanza ya Komoro, ofisa mkuu alikuwa na msemo wake kuhusu matangi ya maji ya kusawazisha meli: ama jaa, ama tupu. Siku moja S. alimuuliza sababu, naye akamwagiza alete beseni la jikoni, akalitia maji hadi nusu, akamwambia alibebe kutoka shetri, nyuma ya meli, hadi omo, mbele yake, bila kumwaga. Kila alipoinama kidogo upande mmoja, maji yalikimbilia upande huohuo na kumvuta zaidi. Akaambiwa alijaze hadi ukingoni na kulifunika kwa kifuniko kilichokaza, akalibeba bila taabu ijapokuwa lilikuwa zito zaidi. Tangi lililojaa nusu hufanya hivyohivyo: meli ikilala, maji huhamia upande ulioinama, na uwezo wa meli kujirudisha hupungua kana kwamba uzito wake umepandishwa juu. S. alipokuja kukutana na hesabu za jambo hilo darasani alishindwa na hesabu, hakushindwa na jambo, na kwa sababu hiyo mara ya pili alifaulu. F yake ya mwaka wa pili ilikuwa kinyume chake, kwani alikariri kanuni peke yake chumbani, bila mwalimu, kuhusu vitu ambavyo hakuwahi kuviona.

Upande wa kumbukumbu palikuwa na kosa moja dogo lililokaribia kumgharimu mwaka. Barua za utumishi kutoka meli ya kwanza ziliandika tu kwamba alikuwa "baharia wa sitaha" kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Anayeomba cheti cha ofisa wa zamu hutakiwa pia kuonyesha miezi isiyopungua sita ya zamu katika chumba cha usukani chini ya usimamizi wa nahodha au ofisa mwenye sifa. S. alikuwa amezifanya zamu hizo, saa nne kwa saa nne, lakini karatasi haikusema. Ilimbidi amfuate nahodha aliyekwisha kustaafu, kijijini kwake, siku mbili za basi na boda, ili aandikiwe barua mpya yenye maneno hayo. Nahodha alikuwa hai na mwenye kumbukumbu nzuri. Tangu hapo S. huwaambia vijana waisome barua kabla ya kushuka ngazi ya meli, wakati muhuri bado uko juu ya meza.

Kuhusu uamuzi wa mwaka wa nne, serahangi na mimi hatujaafikiana hadi leo. Yeye anashikilia kwamba miezi sita iliyopotea kwa ajili ya D moja ingemfikisha S. kwenye miezi 36 mapema, na kwamba mtihani ungeweza kusubiri likizo iliyoangukia mwezi wa kumi na moja. Mimi nimeyapiga mahesabu yake ya mikataba, na likizo ya kwanza ya namna hiyo ingeangukia mwaka wa sita. Tulipomuuliza S. mwenyewe, akiwa nyumbani mwezi uliopita, alicheka, akasema hajutii mtihani, anaujutia ule mwezi wa nne aliopanda ngazi za ofisi ya ghorofani.